Kivuli cha Ndege ya Saa Nne

Jumamosi ya maombi ya shukrani, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Jerioth alikuwa kwenye karo la kufulia akisuuza sufuria za kukodi. Ndege kubwa kutoka Nairobi ikapita juu ya Magongo, mtaa ulio kando ya uwanja wa ndege, chini kabisa kama kawaida, na kivuli chake kikakimbia juu ya mabati. Kilipofika kwa Jerioth kikasimama. Ndege ikaendelea kwenda kutua bila kivuli chake.

Pua ya kivuli ilikuwa kwenye karo. Mabawa yalifunika paa lake na la jirani, na mkia ukaishia kwenye kibanda cha fundi viatu. Jerioth alitazama juu, akaona anga tupu, akahamishia sufuria juani zikauke. Mchungaji alipofika alisema hema halitahitajika.

Shukrani ilikuwa ya Janice, bintiye wa pekee, rubani msaidizi wa kampuni ndogo yenye ndege tatu za kupeleka watalii Lamu na Maasai Mara. Shirika kubwa, lenye ile ndege ya saa nne, lilikuwa limemfanyia mahojiano, akafaulu, wakamwambia asubiri barua. Jerioth hakusubiri. Kwao mtoto akifaulu watu huitwa wakamshukuru Mungu, naye aliita watu themanini. Mchungaji akamwombea Kapteni Janice wa ndege kubwa, watu wakasema amina, wakala pilau. Tangu siku hiyo Magongo nzima ikawa inamwita Kapteni. Barua haikuja.

Kivuli nacho hakikuondoka. Jua lilizunguka, chenyewe kikakaa palepale. Nguo hazikukauka, sukuma wiki ikawa njano.

"Hizo nguo zilete kwangu, mwenzangu," alisema Zuleikha, jirani wa ng'ambo ya njia. "Kwangu jua lipo, alhamdulillahi."

Mchana wanawake walileta mikeka wakapumzika chini ya bawa la kulia. Lewa, fundi wa mitambo kule uwanjani aliyepanga nyumba ya tatu, aliwaeleza kwamba kasoro hiyo imekwisha andikwa kwenye kitabu cha ndege: kivuli hakipo, ndege inaruhusiwa kuruka.

Ikapita miaka mitatu. Shirika lilikuwa likitaka rubani mwenye saa mia tano za kuruka. Janice alipozifikisha, likapandisha hadi elfu moja. Alipofikisha elfu moja, likataka elfu moja na mia tano. Alizitafuta kwa namna inayotia uchungu kuisimulia. Hakuwa na Krismasi wala Pasaka. Siku babake alipozikwa Embu aliruka kwanza, akafika kaburi limekwisha fukiwa.

Mwaka wa tatu kampuni ilimpa kiti cha rubani mkuu, ikamkabidhi Ronny, rubani msaidizi mpya, awe mwanafunzi wake. Ronny alitoka Nairobi na saa mia tatu, na baba aliyestaafu kutoka shirika lile lile kubwa. Hakuwa mtu mbaya. Alitua kombo, akaomba msamaha, na Janice akamrekebisha hadi akawa anatua sawasawa. Jumapili moja Jerioth alimkaribisha githeri. Alikula sahani mbili, akiwa ameketi penye pua.

"Hii si kivuli ya ile ndege ya asubuhi?" aliuliza.

"Ndiyo," Jerioth alimjibu. "Kinamsubiri Kapteni wake."

Wiki mbili baadaye Ronny alipata barua. Alimwambia Janice wakiwa wamesimama kando ya ndege, macho yake kwenye viatu.

"Si ati nimekushinda, Captain. Unajua tu buda yangu alistaafu huko, alipigia watu simu."

"Najua," Janice alisema. Kisha akamsaidia kujaza fomu, maana Ronny hakujua saa zake anaziandika wapi.

Baada ya miezi mitatu, siku ya Jumatano, gari la mizigo lenye nembo ya shirika kubwa lilisimama langoni. Jerioth aliiona nembo, akaingia ndani, akavaa lile gauni la shukrani, akatoka na birika la chai. Walikuwa wanaume wawili, mmoja ameshika bahasha ya kaki.

"Hapa ndipo kwa kina Kapteni Janice?"

"Ndipo, baba. Karibuni, kaeni." Aliliweka birika chini, penye pua ya kivuli.

Mwenye bahasha alitoa karatasi na kalamu. Iliandikwa: kivuli kimoja, kimechukuliwa kikiwa kizima. Alieleza kwamba rubani mpya ndiye aliyeripoti kilipo, na wakubwa wamemsifu kwa kuwa makini. Jerioth alitia sahihi kwa sababu kalamu alikuwa ameshaishika. Waliondoa birika juu ya pua kwa adabu, wakakikunja kivuli kuanzia mkiani kama mkeka, wakakifunga kamba, wakakitupa garini.

Jua likaingia uani. Zuleikha alivuka njia akasimama langoni.

"Sasa nguo zitakauka, mwenzangu," alisema.

Hapo ndipo Jerioth alipolia, amesimama ndani ya gauni lake, bila kujificha. Alipomaliza alianika mashati meupe ya Janice. Yalikauka kwa saa moja.

Janice alirudi jioni. Alisimama penye karo kwa muda, akaitazama ardhi iliyokuwa imepauka kwa umbo la pua ya ndege.

"Wamesema lolote kunihusu?"

"Wameuliza mahali pa kugeuzia gari," mamake alisema.

Janice akaanua mashati, akayapiga pasi, kwa kuwa alfajiri alikuwa na watalii tisa wa Lamu. Kesho yake, saa nne na dakika ishirini, ndege kubwa ilipita juu ya Magongo. Kivuli chake kilikuja juu ya mabati, kikafika kwa Jerioth, kikapita. Yeye alikuwa kwenye karo akifua, na hakutazama juu.