Magadi ya Nosim

"Cheka kidogo, meno yaonekane," alisema Dakta Abdiel, na kamera ya mfadhili ikamulika.

Naisula alifumba mdomo. Meno yake yalikuwa ya kahawia, kama ya kila aliyekunywa maji ya Oldonyo Sambu tangu utotoni. Tangazo la chuoni lilisema mradi wa kupima floraidi, madini yanayoharibu meno hivyo, unataka wanafunzi wawili wa kemia wafanye utafiti wakati wa likizo, mmoja wao kutoka familia isiyojiweza. Aliomba, akapata, akarudi Arusha kifua mbele. Sasa ilikuwa wiki ya sita, naye kazi yake ni kuosha chupa na kutafsiri Kimaasai. Mashine ya kupimia aliachiwa Hans, mwanafunzi mwenzake, ambaye baba yake aliagiza matairi kutoka Dubai tangu ruksa ya biashara huria ianze. Hans hakuwa mtu mbaya. Hajawahi tu kuambiwa asubiri.

Mfadhili alipoondoka, Dakta, mkuu wa mradi, akawasomea rasimu ya ripoti. Kila nyumba iliyopewa chujio la floraidi ilikuwa na maji safi, lakini mikojo ya watoto bado ilijaa floraidi.

"Sababu ni moja," alisema. "Akina mama wanatudanganya. Chujio ni pambo, watoto wanakunywa ya mtoni. Napendekeza tuyachukue machujio yetu, tuwape watu wanaoyathamini."

"Mama yangu ni mmoja wao, Dakta. Hadanganyi."

"Ndiyo maana siamini hata ulichotafsiri."

Hasira ilimpanda Naisula. Mama yake, Nosim, alilibeba chujio lile mgongoni kutoka barabarani, akalifunika kwa kanga yake ya kanisani. Mdogo wake Naisula alikuwa ndiyo kwanza anaota meno ya pili. Na mtu huyu, aliyekunywa chai yao mara moja tu, anataka kulinyang'anya!

Jumamosi alikwenda nyumbani. Nosim alikuwa jikoni, makande yanatokota. Akamega bonge la magadi ya kulainishia maharage, akalitupia chunguni.

"Mama, unaweka kila siku?"

"Sasa yataivaje? Kuni zenyewe unaziona?"

Naisula akakaa chini. Miaka ishirini amekula magadi hayo, miwili amesoma kemia, na hajawahi hata siku moja kujiuliza yana nini ndani. Hasira ikamgeukia yeye mwenyewe.

"Naomba kipande, mama."

"Huko kwenu hamna?"

"Hawajui kama yapo."

Jumatatu aliwahi kabla ya wote. Aliyeyusha magadi, akapima floraidi; mashine ikazidiwa. Akazimua mara tatu ndipo ikatoa namba. Hans aliingia, akainama kuisoma.

"Nani kakuruhusu kugusa mashine?" Dakta alifoka mlangoni.

"Shikamoo, Dakta. Soma kwanza."

Alisoma. Akavua miwani, akasoma tena. "Haya," alisema hatimaye, akimsogezea daftari. "Tutaandika kwamba mradi umegundua floraidi kwenye magadi. Jaza kwa penseli, nitarekebisha."

Naisula alichukua kalamu ya wino. Mpimaji: Naisula Lemburis. Aliyetoa sampuli: Nosim Lemburis, Oldonyo Sambu. Alikandamiza hadi jina la mama yake likatokeza ukurasa wa pili.

"Na pale ulipoandika wanadanganya," alisema, meno yake yote ya kahawia wazi mbele yake, "utapafuta mwenyewe, Dakta, au nikufutie?"