Gilet za Kitenge

Geneviève alikuwa amekwisha kuidharau keki, mapambo ya ukumbi na viatu vyenye ncha vya bwana harusi kabla hata hajaonyeshwa gilet, yale majaketi ya kuokolea watu majini. Ndiyo maana gilet zilipofika, na safari hii akawa na haki ya kudharau, hakuna aliyemsikiliza.

Alikuwa mwalimu wa jiografia hapa Uvira, na mdomo wake ulijulikana mpaka Kiringye. Bibi harusi, Alliance, alikuwa binti wa kaka yake marehemu, na Geneviève ndiye aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Sasa alikuwa anamtoa kwa ukoo ambao, kwa maoni yake, ulikuwa umegawana akili ya mtu mmoja, na hata hiyo haikuwatosha. Bwana harusi, Héritier, hakuwa mbaya. Kosa lake ni kwamba kila jambo alimwachia kaka yake mkubwa, Michée, na huyo Michée ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi.

Siku hizi harusi isiyo na picha za botini haihesabiwi harusi. Watu waliolima mpunga na mihogo maisha yao yote, wasiojua ziwa zaidi ya kulitazama kutoka barabarani, wanataka kupigwa picha katikati ya maji kana kwamba wamezaliwa na samaki. Michée naye akakodi boti. Dereva wa boti akasema habebi mtu asiyevaa gilet ya kuokolea, akatoa gunia la gilet zake: za rangi ya machungwa, zimepauka, zinanuka dagaa. Michée akaziba pua. Angewezaje kumvalisha bibi harusi uchafu ule? Akampelekea fundi wa nguo kile kitenge cha sare ya harusi, cha zambarau na maua ya dhahabu, akamwagiza ashone gilet za watu wote watakaopanda, na ndani ajaze sifongo ya godoro.

Zilipendeza, hilo lazima lisemwe. Zilikuwa na utepe wa kufunga kifuani, na mabega yamevimba vizuri. Wageni walikuja kuzigusagusa. Geneviève alichukua moja, akaenda nayo uani, akajaza maji karai, akaitumbukiza na kuikandamiza kwa mikono miwili. Ilikunywa maji kama mlevi wa siku ya mshahara. Alipoiachia ilibaki chini, haikurudi juu. Alliance alikuwa amesimama mlangoni, akaona yote.

"Shangazi, nyamaza," alisema. "Bakwe batasema tuko tunabaitia kifo ku siku ya harusi."

"Ogopa maji, mutoto wangu. Usiogope bakwe."

Alliance aliichukua ile gilet, akaikamua, akaianika nyuma ya nyumba mahali ambapo haitaonekana.

Geneviève alikwenda kwa Michée hata hivyo. Alimweleza habari ya karai, akamwambia achukue za dereva, zinanuka lakini zinaelea. Michée alimsikiliza huku akitazama simu. Mama mwalimu alikuwa amekwisha kusema keki imeinama na ukumbi unafanana na duka la majeneza. Sasa ilikuwa zamu ya gilet. Akamjibu kwa heshima ile inayouma kuliko tusi:

"Mama, weye kila kitu unaona mubaya. Ajali haina kinga."

Ajali haina kinga! Methali hiyo ingekuwa mtu, Geneviève angemchapa viboko. Ni mto wa kulalia wavivu: ukikataa kujikinga, unajifunika nayo, unakoroma. Lakini alirudi nyumbani akijilaumu pia, maana alijua ni mdomo wake mwenyewe uliomfungia mlango. Mtu anayedharau chumvi na sukari sawasawa, nani atamwamini akisema hii ni sumu?

Akafikiri. Watu hawa hawasikii neno la kifo siku ya harusi, sawa. Lakini kuna kitu kimoja hakuna mkwe anayeweza kukikataa. Asubuhi ya harusi Geneviève alitokea ufukweni, upande wa Kavimvira, na bidoni nne za njano, madumu ya plastiki, kamba moja ndefu ikiziunganisha, na kila kifuniko kimevishwa jani la mgomba. Alizileta moja moja kutoka kwenye gari, amejikunja, anahema, ameshika kiuno. Akatangaza kwamba ni kasiksi ya shangazi, pombe ya ndizi iliyopikwa Lubarika kwa ajili ya baba wa bwana harusi, na kwa desturi ya kwao inafuata mguu wa bibi harusi kila aendako, haiguswi na mtu mpaka mzee aifungue mwenyewe.

Desturi hiyo aliitunga usiku, kitandani. Mzee Sévère, baba yao Héritier na Michée, aliyekuja ufukweni kuwaaga tu, alitikisa kichwa kwa ridhaa na kusema hata kwao Kiringye ilikuwepo zamani. Michée hakupenda zile bidoni za njano ndani ya boti yake ya zambarau, ila angebishana vipi na pombe ya baba yake? Akamwamuru Geneviève azisukume nyuma, zisionekane pichani. Gunia la gilet za dereva likaachwa mchangani. Dereva alivaa ya kwake iliyopauka, akainua mabega, akawasha mota. Alikuwa amekwisha kuwaonya, na kwake hiyo ilitosha. Geneviève alimdharau naye.

Alipanda kwa sababu shangazi hamwachi bibi harusi, ingawa hajui kuogelea hata katika karai. Alikaa nyuma, juu ya kamba. Alimnong'oneza Alliance asiufunge ule utepe. Alliance alimtazama Michée, kisha akaufunga.

Ziwa lilikuwa tulivu, na hiyo ndiyo aibu yenyewe, maana hakuna dhoruba ya kusingizia. Mpiga picha alitaka milima itokee nyuma yao. Akawaomba wote wahamie upande mmoja, wasimame. Dereva akapiga kelele wakae. Michée akamwambia yeye aendeshe tu, mambo ya picha hayamhusu. Wakasimama, wakacheka, wakaegemeana, na boti ikalala ubavu na kuwamwaga wote majini.

Geneviève aliibuka ameishika kamba kwa sababu hakuwahi kuiachia. Bidoni zilikuwa juu, zinacheza. Aliona gauni jeupe likijikunjua majini, na katikati yake kitenge kile cha zambarau, kizito, kinamvuta mtoto wake chini. Alipiga yowe kama mnyama. Héritier, yule mpole, alikuwa karibu. Aliuvuta utepe kwa meno mpaka ukakatika, akamsukuma mkewe kwenye bidoni. Alliance aliikumbatia, akatapika maji. Dereva alimleta mpiga picha. Michée alikuja mwenyewe, macho yamemtoka, na bidoni nyingine zilikuwa na nafasi, lakini aliparamia ile ile ya bibi harusi mpaka Geneviève akamkanyaga mkono. Wavuvi wakaja kuwachukua, wote wazima.

Jioni ukumbini, watu wamekwisha kubadilisha nguo, Michée alishika kipaza sauti. Alimshukuru Mungu. Kisha akasema neno ambalo Geneviève hakulitarajia hata kutoka kwake: kwamba bila zile gilet za kamati, leo kungekuwa na matanga. Ukumbi ukapiga makofi. Mama Olive, anayeongoza watoto wa parokia, akasimama kuuliza jina la fundi, kwa sababu mwezi ujao watoto wangetembezwa ziwani. Geneviève alifungua mdomo, na wote waliokuwa karibu wakageuza nyuso kabla hajasema. Mzee Sévère naye alikuwa na lake: kasiksi yake iko wapi?

Hapo bibi harusi akasimama. Bibi harusi wa huku hasimami, wala hasemi. Anainamisha kichwa na kuonyesha huzuni mpaka sherehe iishe. Alliance alitembea mpaka dirishani ilipokuwa imeanikwa gilet moja iliyotoka ziwani, akaichukua, akaja nayo mbele ya baba mkwe wake, penye karai kubwa la kunawia mikono.

"Mu bidoni hamukukuwa kasiksi, papa," alisema. "Mulikuwa hewa. Ile hewa njo ilituokoa."

Akaitumbukiza gilet, akaikandamiza kwa mikono miwili, akaiachia. Watu walisogea kutazama. Mama Olive alikuja mpaka ukingoni mwa karai, akasubiri irudi juu. Haikurudi.

Mzee Sévère akamwita mwanawe mkubwa, akamwambia aitoe. Michée alihitaji mikono yote miwili, na maji yalimwagikia viatu vyake mbele ya wageni wote.