Vigelegele vya Mama

Amplifaya ya marehemu mume wangu Rushdi inakaa chini ya dirisha la sebuleni, kati ya spika mbili za mbao zenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Aliinunua kwa Mgiriki wa ghorofa ya pili, mwaka ule familia yake ilipofunga masanduku na kuiacha Iskandaria. Kila Alhamisi naipangusa kwa kitambaa cha flaneli, vifundo kwanza, kisha kioo, kisha spika, nikifuata mistari ya mbao kama alivyonifundisha.

Kilichokosekana kilikuwa mashine ya santuri, na kosa ni langu. Msiba ulipotimiza siku arobaini sikutaka kuona kitu chochote kinazunguka ndani ya nyumba ile. Mnunua vikuukuu akapita na mkokoteni wake, akiita. Nikamwita dirishani, nikamteremshia mashine ndani ya kikapu cha kamba, kile tunachowateremshia wachuuzi kuvutia nyanya. Kikapu kiliporudi juu kilikuwa na mabeseni mawili ya plastiki. Moja lilipasuka mwaka uleule. La pili ndilo ninalolowekea maharage mpaka leo.

Sahani za santuri sikuzitoa. Moja kati yao haina picha wala jina, ila penseli ya Rushdi pembeni mwa tundu: "Nabawiya, harusi yetu." Nabawiya ni mama yangu. Pale mtaani Anfushi hapakuwa na mwanamke aliyempita kwa vigelegele. Alikuwa akianza, wenzake wanavuta pumzi mara tatu na yeye bado anakwenda. Siku ya harusi yetu rafiki wa Rushdi alileta mashine ya kunasia sauti, na baadaye akatuchongea sahani moja tu. Mwanzoni yupo mama. Mwishoni kabisa, mama akiishiwa pumzi, Rushdi anacheka. Mama alifariki kabla hatujatimiza mwaka.

Basi mjukuu wangu Mirhan alipochumbiwa, akaniomba jambo moja. Alitaka siku ya kuandikiwa ndoa vigelegele vya kwanza vipigwe na bibi wa mama yake, yaani mama yangu, kupitia spika za babu. Nikamkubalia pale pale. Wiki ya pili akaja na zawadi: mashine ya santuri iliyomo ndani ya kisanduku kama cha msafiri, rangi ya kijani ya pistachio, yenye spika zake mbili ndogo ubavuni. Ilikuwa nzuri kama kopo la biskuti. Nikambusu, nikamwambia imenifurahisha, na kweli ilinifurahisha. Lakini nilipogusa mkono wa mashine wenye sindano nikaona uzito wake, na usiku ule sikulala vizuri. Sahani ya mama si ya kiwandani. Imepakwa kitu laini kama rangi ya kucha, na Rushdi aliipiga mara mbili tu katika maisha yake yote, akiogopa kuikwangua.

Kumwambia Mirhan sikuweza. Nikamwambia tu anisindikize mtaa wa Attarin, kwa fundi Wagih, tukamuulize namna ya kuunganisha. Tukapanda tramu, sahani nimeipakata ndani ya foronya, kisanduku amekibeba yeye.

Fundi Wagih ana duka lisilozidi upana wa kitanda. Aliniuliza habari za amplifaya kama daktari anavyouliza habari za mgonjwa. Mirhan akamwonyesha simu. Alikuwa ameipiga amplifaya picha mgongoni. Chini ya matundu mawili Rushdi alikuwa amebandika karatasi: "Santuri tu. Usichomeke redio." Fundi akacheka. Akatueleza kwamba sauti inayotoka kwenye sindano ni dhaifu sana, lazima iinuliwe, na amplifaya yetu ina mahali pake pa kuiinulia. Mashine ambayo tayari inaiinua yenyewe ndani, ukiichomeka hapo, sauti inainuliwa mara mbili na kuchanika.

"Hii yetu inaiinua yenyewe?" Mirhan akauliza.

"Hiyo inafanya kila kitu yenyewe," akasema fundi. "Kupika tu ndiyo bado."

Nikaona mjukuu wangu anakunja uso. Nikatoa sahani kwenye foronya, nikampa fundi. Aliishika kwa viganja, pembeni, akaigeuza kwenye mwanga, akanusa. Halafu akatoka nje akaenda kwa sonara jirani, akarudi na mizani ya dhahabu.

Akaweka sindano ya kisanduku juu ya mizani. Gramu tano na nusu. Kisha akashusha kutoka rafuni mashine kuukuu ya rangi ya majivu, kifuniko kimechubuka, mkono wake una kijiwe cha uzani mkiani, cha kuzungusha. Akazungusha kidogo, akapima; akazungusha tena, akapima. Gramu mbili kasoro robo. Hiyo haina cha kuinulia sauti ndani yake, akasema, inaitegemea amplifaya; na sindano yake ni mpya, ameiweka mwezi huu.

"Bibi," Mirhan akaniambia polepole, "ulijua?"

"Nilihisi."

"Na ungeniacha niikwangue sauti ya mama yako?"

"Nilikuwa natafuta maneno, mwanangu."

"Maneno gani? Sema, Mirhan, zawadi yako ni jembe. Basi." Akanisukuma begani kwa bega lake, macho yamemjaa maji. Kisanduku cha pistachio, akasema, kitakwenda naye nyumbani kwake kikapige sahani zisizo na mama wa mtu.

Fundi akashauri tuinase sauti kwa simu kwanza pale pale dukani. Nikakataa. Sahani hiyo ina safari chache zilizobaki, na nilitaka mojawapo iwe ya harusi. Tungenasa siku hiyohiyo.

Siku yenyewe, baada ya alasiri, sebule ilijaa. Mirhan akachomeka waya wa ile mashine ya majivu tuliyoichukua kwa fundi panapostahili, na spika zikaanza kunguruma kama friji. Wageni wakatazamana. Nikapiga magoti na gauni langu jipya, nikapapasa mgongo wa amplifaya mpaka nikapata kile kiskurubu kidogo ambacho Rushdi alikuwa akikifunga kabla ya chochote kingine. Nikakaza waya wa ardhi. Ngurumo ikakatika.

Kadhi akafunga daftari. Bwana harusi akainua simu kunasa. Mirhan akashusha sindano.

Mama akaanza.

Madirisha yalikuwa wazi. Kwa kweli nilisahau kitu ambacho kila mwanamke wa mji huu anakijua: kigelegele hakiachwi bila kujibiwa. Umm Karam wa ghorofa ya juu, ambaye hakualikwa kwa sababu tuna ugomvi wa maji yanayodondoka kutoka kwenye nguo zake, akajibu kutoka kwenye kibaraza chake. Wa jengo la mbele wakapokea. Wauza samaki wa kichochoroni wakapokea. Sebule yangu yote ikapokea. Mama alikuwa bado anakwenda, peke yake dhidi ya mtaa mzima, na mtaa ukamfunika.

Sindano ikafika mwisho, Mirhan akainyanyua. Nilikuwa nimekaa sakafuni palepale, na kicheko cha Rushdi sikukisikia. Kwenye simu ya bwana harusi hakimo pia; ni Umm Karam mtupu.

Mirhan akachuchumaa kando yangu na shela lake. Yeye alikuwa karibu na spika kuliko wote.

"Amecheka, Bibi," akasema. "Kidogo, puani. Hivi."

Akanionyesha. Ni hivyohivyo.

Nikairudisha sahani kwenye foronya. Kisha nikamimina sharbati ya waridi kwenye glasi kubwa, nikapanda nayo ngazi mpaka kwa Umm Karam.