Winchi ya Hatua Sabini

Kwa miaka kumi na miwili Landrova ya Mzee Fabiani ilikaa vipande vipande kwenye ua wa mkwewe Zenon, kule Chanji, ikingoja aitengeneze, na miaka yote hiyo mzee hakulalamika hata mara moja. Afadhali angelalamika! Kila alipokuja kutoka Mwazye alianza kwa kulipapasa boneti, kama mtu anayempa pole mgonjwa, ndipo akageuka. "Hujambo, mume wa Fortunata?" Washona viatu aliwaita mafundi. Hata yule aliyechomelea geti la kanisa likaanguka siku ya pili, naye alikuwa fundi. Zenon alibaki mume wa Fortunata, na jambo hilo lilimchoma.

Sasa mzee na Mama Monika walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Zenon, akiwa ameshiba ugali na sifa, alijitapa mbele ya ukoo mzima kwamba Jumapili ya jubilei wazee wataingia kanisani na Landrova ileile iliyowabeba siku ya harusi.

Vifaa alijiundia mwenyewe, maana vya dukani hakuviweza. Vyuma vya kitanda na jeki ya lori vikawa mashine ya kukandamizia beringi. Mota ya friji mbovu ikawa pampu ya kupulizia rangi. Fortunata, aliyekuwa analala na godoro chini wiki ya tatu sasa, hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Jumatatu nataka kitanda changu, hata kama baba ataenda kanisani na punda."

Ikabaki injini, iliyokuwa chini juu ya gunia, irudishwe mahali pake. Winchi ya dukani ilikuwa bei ya ng'ombe mzima. Zenon akawaza: kama bei ni ng'ombe, kwa nini nisianze na ng'ombe mwenyewe? Akasimamisha milingoti mitatu, akaifunga vichwa, akatundika puli ya mashine ya kusaga, akapitisha kamba. Kisha akamwendea jirani yake Mzee Masalu, Msukuma mwenye maksai wawili waliosifika, Karani na Askari.

"Hawa wamesoma," Masalu alimhakikishia. "Hatua sabini, mwisho wa shamba. Wanageuka wenyewe, wananisubiri nivute ugoro wangu, halafu wanarudi. Sina haja ya kuwapigia kelele."

Zenon alisikia sifa tu, hesabu ikampita. Alhamisi wakafunga kamba kwenye nira. Maksai wakaondoka, injini ikapanda vizuri mpaka Zenon akapiga makofi.

"Basi! Wasimamishe!"

"Hatua ya tatu hii," Masalu akajibu. "Hawajafika."

Injini ikagonga puli. Karani na Askari wakadhani wamekutana na kisiki, na kisiki walifundishwa kukivuta zaidi. Milingoti ikaanguka. Injini ikawafuata maksai kwa tumbo, ikapita kwenye maharage ya Fortunata, ikabeba kamba ya kuanikia pamoja na shuka, ikang'oa mlango wa banda la kuku. Kwenye hatua ya sabini maksai wakageuka, wakasimama wakicheua, hawana hili wala lile.

"Umeona?" Masalu alisema kwa fahari, akitoa ugoro. "Hawajazidisha hata moja."

Ijumaa Mzee Fabiani akafika kuchukua gari lake. Aliyaona maharage, akaiona injini imevaa shuka, akageuza ndoo, akaikalia. Zenon alitamani ardhi immeze.

Alimwangalia Masalu, akaangalia kopo la ugoro, na hapo akili ikamjia. Kumbe ng'ombe hawakuwa na kosa! Akaichomoa injini ndani ya shuka, akaifuta, akasimamisha milingoti upya na kuichimbia miguu. Akafukia nguzo chini yake na kufunga puli ya pili, kamba isivute milingoti. Kisha akaunga kamba ndefu, akailaza chini imelegea, akipima kwa miguu yake mara tatu.

Maksai wakaondoka. Hatua ishirini, hamsini, sitini na saba, injini haijatikisika. Ndipo kamba ikakaza. Katika hatua tatu za mwisho injini ikapanda ikaning'inia usawa wa kifua cha Zenon, maksai wakasimama, na Masalu akafungua kopo.

"Sukuma!" Zenon akapiga kelele. Mzee Fabiani akaruka kutoka kwenye ndoo, na Fortunata akatupa mwiko. Wakaisukuma Landrova mpaka chini ya injini. Masalu akapiga chafya mbili. Maksai wakageuka, wakaanza kurudi taratibu, na injini ikashuka ikakaa pale ilipotoka miaka kumi na miwili iliyopita.

Jumapili Landrova iliingia Mwazye ikikohoa, Mama Monika akipunga mkono dirishani. Baada ya misa mzee akasimama mbele ya watu.

"Gari hili limefufuliwa na mafundi watatu," alisema. "Fundi Karani. Fundi Askari." Watu wakaanza kutazamana. Mzee akasafisha koo. "Na fundi Zenon."

Wanaowajua maksai wale walicheka mpaka wakashikana. Zenon alikuwa wa tatu, nyuma ya ng'ombe wawili, na machozi yalimtoka kwa furaha mbele ya ukoo mzima bila kuyaficha.

Fortunata akamsogelea sikioni. "Hongera, fundi. Kesho kitanda."