Chai Kabla ya Swali

Nimeshika kazi nyingi maishani: nimepakua mizigo bandarini, nimepika migodini, nimelinda ghala la tajiri nisiyemjua sura. Lakini kuuliza watu wako tayari kutoa kiasi gani, hiyo sikuwahi kuifanya mpaka nilipofikia kwa dadangu mdogo, nikisema nakaa wiki moja tu. Mumewe ni askari wa wanyamapori kwenye kituo cha juu, kule tembo wanakoshukia bwawani. Hifadhi ilikuwa imeishiwa fedha za kukiendesha. Mkurugenzi akatamka: watalii sita kati ya kumi wakikubali nyongeza juu ya kiingilio, kituo kitabaki. Wasipofika hapo kinafungwa, na askari wanane wanarudi makwao.

Mtafiti aliyetumwa kuwauliza watalii, binti mpole mwenye miwani, alinichukua kwa sababu nimeokota lugha tano njiani, zote vipande vipande. Alinipa meza langoni na rundo la kadi zenye viasi tofauti vya fedha. Mtalii akitoka, navuta kadi, nasoma swali kama lilivyoandikwa: ungekubali kuongeza kiasi hiki kwa ajili ya kulinda wanyama? Natia alama, ndiyo au hapana. Basi.

Sasa mimi nimelelewa. Mtu katoka porini na vumbi mpaka kwenye kope, nimvamie kwa habari za fedha akiwa wima? Nikaazima benchi, na kila asubuhi dadangu akanijazia chupa mbili za chai. Nikawakaribisha, wakanywa, tukaongea habari za njia, ndipo nikavuta kadi. Ndiyo zikamiminika. Hata ile kadi kubwa kuliko zote, niliyoona haya kuisoma, waliikubali. Jioni nikamwambia shemeji alale usingizi wake.

Siku ya tano mtafiti akaja kukagua. Alipekua fomu, akazirudia, akavua miwani. Alisema kwenye lango la pili wanaokubali ni watano kati ya kumi. Kwangu ni tisa.

"Babu, hawa watu umewapa nini?"

"Chai tu."

Alicheka kidogo. Akanieleza taratibu kwamba mgeni aliyekunywa chai yangu hajibu swali, ananishukuru. Siku akidaiwa hiyo nyongeza kweli, na mimi sipo na chupa yangu, atakataa. Fomu zangu zote zikatupwa. Zilibaki siku nne za kuuliza.

Shemeji alizipokea habari akiwa anavua buti. "Majangili wamehangaika na sisi miaka kumi na tisa," alisema. "Wewe shemeji yangu umetumaliza kwa majani ya chai." Dadangu alimkanya, lakini hakunitazama usoni.

Kesho yake nikarudisha benchi la watu. Nikawauliza wakiwa wima, macho makavu kama mtoza ushuru. Wengine walisema hapana mguu mmoja ukiwa garini. Mama mmoja wa rika langu aliuliza hiyo fedha inakwenda kwa nani, nami nilikatazwa kuongeza neno lisilo kwenye karatasi. Ulimi uliniwasha. Akasema hapana, nikatia alama hapana, na nilijua ninayemkata riziki ni nani.

Mtafiti alitujumlishia barazani kwa dadangu. Kadi kubwa zilianguka vibaya. Kadi ndogo kabisa ndiyo iliyofika sita kati ya kumi, ikapita kidogo. Mkurugenzi akakubali kuitoza hiyo, lakini nyongeza ndogo hulisha askari watano, si wanane. Shemeji alibakizwa kwa kuwa anazijua njia za tembo. Wenzake watatu aliwabebea mabegi mpaka barabarani.

Jumapili begi langu lilikuwa limefungwa tayari. Shemeji aliniita mezani, akanimiminia chai mwenyewe kwenye kikombe kikubwa, sukari nne kama nipendavyo. Tukaongea habari za njia. Kisha akasema kwa vile sasa wako watano, atakuwa akikaa kule juu majuma matatu kila mwezi, na dadangu atabaki peke yake nyumbani.

"Shemeji," akasema, "ungekubali kukaa mpaka mvua zipite?"

Nilitazama kikombe. Nilikuwa nimeshafika nusu.