Miguu Sita na Nusu

Mwaka ule wa hamsini na tano, mume wangu Hitimana alikuwa anabeba magunia ya kahawa kule Kituku, bandarini Goma, kutoka kwenye lori tunaloita kamio mpaka ndani ya mashua. Gunia moja kilo sitini, na kwa siku hakuna aliyekuwa anahesabu. Akirudi nyumbani Murara alikaa kwenye jiwe mbele ya mulango na kunyoosha mugongo kidogo kidogo. Mimi nilimukanda na mafuta ya mawese. Vidole vyangu vilijua kila mufupa wa mugongo ule. Ulikuwa na miaka thelathini na moja tu, lakini mukononi mwangu ulikuwa mugongo wa muzee.

Basi kapita wa wabebaji akaacha kazi, akarudi kwao Masisi. Kapita habebi. Kapita anashika fimbo, anaita majina, anasimama kivulini. Patron wa mashua, Mubeleji mumoja aliyependa sana muchezo wa ngumi, akatangaza kwamba siku ya Mungu, Jumapili ile, analeta askari mupiga ngumi kutoka Bukavu, jina lake Adalbert. Mubebaji atakayesimama mbele yake raundi tatu bila kuanguka, yeye ndiye atakuwa kapita.

Wabebaji wote waliangalia chini. Hitimana naye aliangalia chini, maana kwa urefu alikuwa anafika kwenye mabega ya wenzake. Ingeishia hapo, kama si ile karatasi.

Karatasi ililetwa na Grégoire, muchuuzi wa Butembo aliyekuwa ananunua vitu upande wa Uganda. Alikuwa amefunga chumvi na gazeti la Kiingereza. Nilipomwaga chumvi kwenye chungu, tukaona wamechorwa mabingwa wa ngumi wa dunia, wale wa uzito wa juu kabisa, wamesimama mustari mumoja, kutoka wa zamani mpaka wa siku zile. Chini ya kila mumoja, namba.

"Muone," Grégoire alisema, "watu wa zamani walikuwa wakubwa. Huyu wa wakati wa vita ya kwanza ni kama muti. Wa leo ni mutu tu kama mimi."

"Kama wewe?" Hitimana alimujibu. "Kwako kilicho kikubwa ni tumbo."

Evariste, karani wa magunia na jirani yetu, akachukua karatasi na kuisogeza karibu na pua. "Munabishana bure. Huyu wa kwanza kabisa, mwenye masharubu, na huyu wa leo ambaye hajashindwa hata mara moja, wako karibu sawa. Wote wawili hawafiki sita. Warefu ni wa katikati. Huyu mweusi aliyekaa na taji miaka mingi, sita na kidogo. Na muti wenu huyu, sita na nusu. Hakuna aliyemupita."

"Sita ya nini?" nikauliza.

"Hizi herufi mbili nyuma ya namba, f na t, nilishaziona kwenye gazeti lingine, nikamuuliza padiri. Alisema ni *pied*. Muguu. Waingereza hawajui metre, wanapima mutu kwa muguu."

"Muguu wa nani?"

"Ah, mama! Muguu ni muguu."

Mimi darasa la tatu langu halikunifikisha kwa Waingereza. Nikarudi kwenye chumvi yangu.

Kesho yake Hitimana alirudi kutoka kazini, akalala chali pale kwenye udongo mweusi wa uwanja wetu. "Nyirarukundo, chora kwenye kichwa. Chora na kwenye kisigino." Nikachora na kijiti. Akaamka, akatembea kutoka mustari mumoja mpaka mwingine, kisigino kikigusa vidole, polepole, midomo ikihesabu. Akafika. Akarudia. Akanitazama na sura ambayo sikuwa nimeiona tangu tuoane.

"Sita na nusu," akasema. "Na inazidi kidogo."

"Kama yule muti?"

"Kama yule muti. Na huyu wa leo anayeshinda kila mutu hafiki hata sita!" Akakaa kwenye jiwe lake. "Wabebaji hawa wanaonekana warefu tu. Pengine ni namna wanavyosimama."

Siku ileile akaandikisha jina kwa Evariste.

Mimi sikulala vizuri wiki ile. Kitu kilikuwa kinanikwaruza kama jiwe ndani ya kiatu. Ijumaa, nikiwa peke yangu, nikalala mahali palepale, nikajichora mwenyewe, nikatembea na muguu wangu. Sita na nusu. Na kichwa changu kinafika kwenye sikio la Hitimana! Nikaita jirani yangu Thérèse, murefu kama mulingoti, nikamupima na muguu wake yeye. Sita na nusu. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Halafu nikakumbuka siku ya Mungu, nikaacha kucheka.

Kumwambia mutu aliyechoka kwamba ni mufupi ni kazi. Jumamosi, nikiwa namukanda, nikatafuta njia niliyoizoea.

"Sakwe sakwe."

"Soma," akajibu kwa uchovu, maana kwetu ukitegewa kitendawili lazima ujibu.

"Niko na fimbo inayopima mufupi na murefu, wote wanatoka sawa."

Akafikiri. "Kaburi."

"Hapana."

"Gunia. Sote tuko sawa chini ya gunia."

"Hapana. Nipe muji."

"Chukua Goma yote pamoja na patron."

"Ni muguu wa mutu mwenyewe," nikasema.

Mugongo ukakakamaa chini ya mikono yangu. Nikasikia mufupa mumoja mumoja ukielewa.

"Umepima lini?"

"Jana. Mimi, halafu Thérèse."

"Mukatoka ngapi?"

"Sita na nusu."

Akaangalia muguu wake. "Basi mimi ni mufupi."

"Ndiyo, papa."

"Kama zamani."

"Kama zamani. Nenda kwa Evariste, afute jina."

"Nikifuta jina," akasema, "Jumatatu ni magunia. Nisipofuta, pengine ni magunia, pengine siyo. Endelea, kanda."

Siku ya Mungu, Adalbert aliingia uwanjani na kifua kama kabati ya padiri. Hitimana alirusha ngumi moja, ikapita hewani. Akapigwa sikio, akapigwa mbavu, nikafunga macho. Nilipofungua, alikuwa amefanya kazi anayoijua: ameweka bega chini ya kifua cha askari, mikono imezunguka mugongo, amemubana kama gunia. Mwamuzi akawatenganisha. Hitimana akarudi kumubana. Wabebaji wakapiga kelele: "Mubebe! Mupeleke mashuani!"

Raundi ya pili ikawa vilevile. Raundi ya tatu Adalbert alichoka kusukuma, akamulalia. Na Hitimana, kwa mazoea tu, akamunyanyua, akatembea naye hatua mbili, akawa anatazama huku na huku mahali pa kumuweka. Uwanja ukaanguka kwa kicheko. Wakagonga ringi ya gurudumu la kamio, ndiyo ilikuwa kengele. Raundi zimeisha, na mume wangu amesimama.

Patron alifuta machozi ya kucheka. Jumatatu, mbele ya wote, akamupiga Hitimana begani. "Tangu nifike Kongo sijaona mutu anayebeba hivi! Nikimuweka huyu kivulini, nitapata wapi mwingine?" Fimbo ya kapita akamupa mutu wa Munigi ambaye siku ya Mungu hakufika hata uwanjani.

Hitimana alinieleza yote hayo akiwa amelala kifudifudi kwenye mukeka, jua bado liko juu. Hakukasirika. Alisema tu, "Basi nimebeba vizuri kupita kiasi," na akashikwa na usingizi mikono yangu ikiwa bado mugongoni.

Nilimuangalia. Sikio lilikuwa limevimba. Nikaamka polepole, nikaweka kisigino changu usawa na kisigino chake, nikatembea pembeni mwa mukeka mpaka kichwani. Nikapima tena, nisijidanganye. Katika ile karatasi, wa zamani kwa wa sasa, hakuna hata mumoja aliyefika hapo.

"Unafanya nini?" akauliza, macho yamefungwa.

"Nakupima."

"Na muguu wa nani?"

"Wangu."

"Natoka ngapi?"

"Saba."

Pumzi yake ikawa ndefu. Nikafikiri amerudi usingizini.

"Saba," akasema. "Basi njoo, kanda hapo juu kidogo. Upande wa kuume."