Kanda Iliyopiga Chafya

Jumamosi hiyo Chelimo alirudi kutoka kuchuma majani chai akakuta bendi nzima imekaa sebuleni, inaitazama redio kaseti. Kanda ilikuwa ikizunguka vizuri, lakini hakuna sauti iliyotoka.

"Labda betri ni bure," alisema Kiplangat, mpiga besi.

"Nimenunua leo asubuhi," alijibu Kipkirui, baba yake Chelimo. "Tena nimeweka kanda ya kwaya, ikaimba mpaka jogoo akaitikia."

Hii ilikuwa kanda mpya ya bendi yao, Mvua ya Mawe, ya kwanza tangu fujo za kikabila za mwaka wa tisini na mbili. Bendi yenyewe ilikuwa ya zamani, wapigaji wake wameanza kuota mvi. Haikupiga muziki wa kucheza harusini. Gitaa zake zilikwaruza kama mabati yanayoburutwa juu ya mawe, na watu wa Kericho na Bomet walizipenda hivyo hivyo, kama mtu anavyopenda ukoko wa ugali. Kule studio Nakuru walikuwa wameisikia kanda vizuri. Kufika nyumbani, ikanyamaza.

Gogo, mama yake Kipkirui, aliweka chini kibuyu cha maziwa alichokuwa akikiosha. Akaitoa kanda redioni, akaigeuza.

"Haijapewa jina," alisema. "Mtoto asiye na jina atasema nini?"

"Gogo, hii ni plastiki," alisema Kiplangat.

"Na wewe je? Ulizaliwa umekuwa bluu, umenyamaza kama jiwe. Tukakuitia majina mpaka ukapiga chafya. Leteni ugoro."

Kwao, mtoto akizaliwa, kina mama humwitia majina ya marehemu wa ukoo, mmoja mmoja. Jina analolipigia chafya ndilo lake, na aliyerudi ni huyo. Jina la aliye hai haliitwi.

Gogo aliilaza kanda mapajani, akaipaka ugoro kwenye matundu yake mawili, akaanza. Aliita wazee, akaita shangazi zao, akamwita hata yule mjomba aliyeuawa na radi akikama. Kanda ikakaa kimya. Nje mvua ya mawe ilipita, ikapiga mabati, ikaenda zake kwenye michai. Gogo akaanza upya.

Chelimo alisimama kando ya mlango wa jikoni, kikapu bado mgongoni. Jina alilijua.

Joab Amolo alikuwa amepiga besi katika bendi hiyo tangu Chelimo hajazaliwa. Alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha chai, mtu wa kutoka upande wa ziwa. Ndiye aliyemfundisha Chelimo kushika nyuzi, akimwita "nyathina", mtoto wangu. Fujo zilipoanza, Kipkirui alimwambia, "Wakija kwenu, kimbilia kwangu." Akakimbilia. Alibisha mlango alasiri kwa vifundo vya vidole, polepole, vile alivyokuwa akipiga besi. Kipkirui aliegemeza mgongo mlangoni, akamwonyesha Chelimo kidole mdomoni. Baadaye kubisha kukakoma. Gitaa la Joab lilibaki ndani, na ndilo Kiplangat alilopiga kwenye kanda mpya. Chelimo alikuwa darasa la sita. Shule ilifungwa, na ilipofunguliwa hakurudi.

Tangu siku hiyo alikuwa amemjengea Joab nyumba kule kwao Awasi, moyoni mwake tu. Joab analima mahindi, ana mvi, analalamikia jua. Mradi hakuna aliyeuliza, aliishi.

"Chelimo," aliita Gogo. "Kuna jina umelikalia."

"Sijui kama amekufa, Gogo."

"Si ndiyo tunauliza."

Chelimo aliitazama kanda. Baba yake hakumtazama.

"Joab?" alisema, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. "Ni wewe, Joab Amolo?"

Kanda ikapiga chafya. Ilikuwa chafya ndogo yenye unyevu, ikamwagia Gogo ugoro kwenye leso.

"Lakini huyo si wa nyumba hii," alisema Kiplangat.

"Alikula hapa," alisema Gogo, akiipangusa. "Haya, iwekeni."

Ikaimba. Gitaa zilikwaruza, na chini yake besi ikaja polepole, kama vifundo vya vidole kwenye mbao.

"Mimi sikupiga hivyo," alisema Kiplangat.

"Ulipiga," alisema Kipkirui. "Gitaa ulishika wewe."

Jalada lilipochapishwa, liliandikwa hivyo: besi, Kiplangat.

Chelimo aliingia jikoni kupika chai. Nyumba ya Awasi ilikuwa imebomoka, na hakukuwa na mtu wa kumpa pole.

Kanda iliuzwa mpaka Sigor na Mulot. Kila nakala hupiga chafya kabla ya wimbo wa kwanza, na wanunuzi wameizoea. Hakuna aliyeirudisha dukani.

Kwa kina Chelimo huchezwa Jumapili, watu wakitoka kanisani. Besi ikianza kubisha, Kipkirui huweka kikombe chini, akaenda kuegemeza mgongo mlangoni mpaka wimbo uishe. Wageni humpisha. Kisha Chelimo huitoa kanda, akatia kalamu kwenye tundu moja na kuirudisha nyuma taratibu, kama anayempangusa mtoto pua.

"Nifungue mlango, baba?" huuliza.

"Wacha," husema Kipkirui. "Baridi itaingia."